Fisi Aliyestaafu Akavue Samaki

"Ngano, ngano?"

"I wapi?"

"Iko njiani, ina mzigo kichwani."

"Ipokeeni, itue."

Itue basi hapa katikati yetu, nami niifungue.

Palikuwa na Fisi. Huyu hakuwa fisi wa kuzurura, alikuwa na kazi. Mfalme Simba alimweka tangu ujana wake alinde kivuko cha mto, pale penye mawe, mahali pekee ambapo mnyama mdogo aliweza kuvuka kwenda mashambani bila kusombwa. Kazi yake ilikuwa kutazama maji, na yakijaa awaambie watu wangoje. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Aliyoifanya ilikuwa nyingine. Alikaa juu ya jiwe kubwa, na kila aliyefika alimwambia, "Pita, lakini mkono mtupu haupiti."

Ngedere akija na ndizi, anaacha ndizi. Nungunungu akija na mihogo, anaacha mihogo. Kicheche akija na kuku, anaacha paja, na pengine anaacha kuku mzima akabaki na manyoya. Fisi alikula alichoweza. Alichoshindwa alimpelekea mkewe, naye akakikausha kwa moshi na kukitundika ghalani. Ghala likajaa mpaka boriti zikapinda. Tumbo la Fisi nalo likawa kubwa, akitembea linagonga magoti yake, ndu, ndu, ndu.

Miaka ikaenda, macho yake yakaingia ukungu. Asubuhi moja mto ulifurika naye hakuuona, akamwambia Digidigi pita, na Digidigi akapita. Bahati alinasa kwenye matete akavutwa kwa pembe zake. Habari zikafika kwa mfalme. Simba hakugomba. Alisema tu, "Mzee wetu amechoka. Tumpumzishe."

Wakamfanyia karamu ya kumuaga palepale kivukoni. Hotuba zikasemwa, ngoma ikapigwa. Lakini Fisi hakuwa akisikiliza. Alikuwa akimtazama Ngiri, mlinzi mpya, ambaye alikuwa ameshakaa juu ya lile jiwe, akijisogeza huku na huku kutafuta mahali panapoyafaa makalio yake.

Simba akamgeukia. "Sasa Mzee Fisi, siku zako utazifanyia nini?"

Watu wote wakasogea wasikie. Fisi alitafuta la kusema kichwani mwake, akakuta hamna kitu. Alijua kukaa na alijua kula. Akaona haya kusema hivyo mbele ya mfalme. Masikio yakamwinama, mdomo ukatangulia akili.

"Nitavua samaki," akasema.

"Samaki?"

"Samaki, mfalme. Maisha yangu yote nimetamani kuvua, kazi ndiyo iliyonizuia. Sasa kila alasiri mtanikuta mtoni. Na kila Ijumaa karibuni kwangu mle kitoweo."

Watu wakapiga makofi. Kesho yake wakamletea zawadi: ufito mrefu, mshipi, ndoana, kapu na kofia ya ukindu. Mkewe akaipokea ile kofia, akaizungusha mkononi.

"Mume wangu," akasema, "wewe na maji tangu lini?"

"Tangu zamani. Sikukwambia tu."

"Umekaa kivukoni umri wako wote. Sijapata kusikia umevuka."

Fisi alivaa kofia akaenda mtoni.

Akatupa ndoana, chubwi. Akangoja. Akavuta, akatoa jani. Akatupa tena, chubwi. Akangoja. Akavuta, akatoa kijiti. Akatupa kwa nguvu, safari hii ndoana ikarudi nyuma ikamkamata sikio, akakaa kulinasua mpaka jua likaegemea. Samaki wenyewe aliwaona wakipita chini, wamemtazama kama wanavyotazama kisiki.

Kurudi nyumbani kuna njia mbili, njia kuu inayopita katikati ya watu na njia ya nyuma inayopita kwenye vichaka vya upupu. Fisi akachukua ya upupu. Alifunika kapu kwa majani ili lisionekane kuwa tupu. Hata hivyo Kanga, jirani yake, alikuwa huko nyuma akichakura.

"Za mtoni, mzee?"

"Njema."

"Umepata?"

"Nimepata wengi. Nimewaachia wakue."

Kanga akasema hongera. Fisi akaenda zake akijikuna, upupu kwa nje na haya kwa ndani. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa yake. Na Ijumaa ilikuwa inakuja.

Alhamisi akaufuata mto juu zaidi, mahali asipoweza kuonekana. Kwenye kona yenye mikuyu akamkuta mama mmoja mdogo mwenye manyoya laini, amekaa na watoto wake wanakula perege. Mama yule aliingia majini bila kishindo, akatoka na samaki. Akaingia, akatoka na samaki. Fisi alimkumbuka. Huyu ndiye aliyekuwa akipita kivukoni na samaki, na kila alipopita aliacha yule mkubwa kuliko wote. Ila jina lake hakuwahi kumuuliza.

"Shikamoo, mzee," akasema yule mama, na watoto wakasogea nyuma yake.

"Marahaba. Unaitwa nani, mwanangu?"

"Fisi-maji."

Fisi akakaa chini taratibu. Akalionja lile jina. "Fisi-maji. Na mimi ni Fisi. Basi sisi ni ndugu."

"Siku zote nilipopita kivukoni hukunena habari za undugu."

"Kazi, mwanangu. Kazi ilinibana. Sasa nimestaafu, nina nafasi ya kutazama jamaa zangu. Mama yako na mimi ni tumbo moja. Mimi ni mjomba wako."

"Mama yangu alizaliwa majini, mzee."

"Maji na nchi kavu si vimepakana?" Fisi akasogea mpaka mlangoni mwa pango lao, akaketi palepale, akaufunga mlango kwa tumbo lake. Akapiga mwayo ili meno yote yaonekane. "Mjomba hupelekewa kitoweo. Kila alasiri utanijazia kapu hili, wale wakubwa wakubwa. Na neno hili ni la ukoo. Usimwambie mtu."

Fisi-maji aliyatazama yale meno. Akawatazama wanawe. "Haya, mjomba," akasema.

Siku ile Fisi alirudi kwa njia kuu. Kapu liko wazi, mikia ya kambare inaning'inia nje. Watu wakatoka milangoni. "Mzee ana mkono," wakasema. Ijumaa wakaja wakala, naye akawasimulia jinsi kambare yule alivyomvuta mpaka magotini, akamvuta mpaka kiunoni, naye Fisi akasema naye kwa lugha ya upole hadi kambare akachoka. Walisikiliza huku wakitoa miiba mdomoni.

Walipoondoka mkewe akauchukua ule mshipi ukutani, akaupitisha vidoleni.

"Mbona mkavu?"

"Jua lilikuwa kali."

Mkewe akautundika tena, hakusema zaidi. Afadhali angesema. Toka siku hiyo Fisi kabla ya kurudi nyumbani aliuchovya mshipi mtoni, akaufinya, akauzungushia ufito. Na kila alipofanya hivyo aliangalia kushoto na kulia, mtu mzima wa makamo yake, akiogopa kuonwa na vipepeo.

Kiangazi kikaingia. Mto ukapungua, madimbwi yakawa machache, samaki wakawa wadogo na wajanja. Kapu la Fisi halikupungua. Watoto wa Fisi-maji wakaanza kula vichwa, kisha wakala miiba, kisha wakawa wanatafuna konokono. Mdogo wao akakonda akawa shingo tu.

"Mjomba," mama yao akasema, "leo tuachie wawili."

"Ijumaa ipite kwanza."

Ijumaa ikapita.

"Mjomba, tuachie mmoja."

"Ngoja Ijumaa hii. Mfalme mwenyewe anakuja kula kwangu. Amesikia sifa zangu. Ijumaa hii nataka samaki wote, hata wale wa kwenye shimo la chini ulikowaficha."

Fisi-maji alimtazama mwanawe mdogo, aliyekuwa amelala juu ya jiwe na hakuinua kichwa aliposikia neno samaki. Kisha akamgeukia Fisi, akapiga magoti kama mtoto mwenye adabu.

"Utawapata wote, mjomba. Nina neno moja tu. Kuna watu wanasema wewe si mjomba wangu. Wanasema najijengea jina nisilostahili, mimi mtu wa matopeni."

"Nani anasema hivyo?"

"Watu. Naona haya hata kukuletea samaki. Nikisikia kwa kinywa chako kwamba sisi ni ndugu kweli, nitavua kwa moyo."

Fisi alikuwa akiwaza mfalme atakavyoketi mezani pake. "Wewe ni mpwa wangu," akasema.

"Ungelisema mbele ya watu?"

"Hata mbele ya Simba."

"Ahsante, mjomba," akasema Fisi-maji, akaingia majini.

Ijumaa ikafika. Simba akaja na wakubwa wake, na majirani wote, Ngiri akiwa ameacha kivuko kwa muda. Samaki walikuwa sinia kwa sinia, wengine wa kukaanga, wengine wa nazi. Fisi alikuwa katikati ya hadithi ya kambare, amefika pale anapovutwa kiunoni, ndipo ikasikika njiani chapa, chapa, chapa. Nyayo zenye maji.

Alikuwa Fisi-maji na wanawe wote, wamepanga mstari. Wakaingia uani, wakapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

Shikamoo ile ilisikika mpaka barazani. Simba akaacha kutafuna. "Mzee Fisi, una wapwa? Mbona hukutwambia?"

Fisi alipiga hesabu. Akisema hawajui, huyu mama ataulizwa basi amefuata nini hapa, naye atajibu, na mfalme ana samaki mdomoni. Masikio yakamwinama.

"Ndiyo, mfalme," akasema. "Ni wapwa zangu. Watoto wa dada yangu."

"Undugu ni kitu kizuri," akasema Simba.

"Ni kizuri, mfalme," akasema Fisi-maji, bado yuko magotini. "Ndiyo maana tumekuja. Mto umekauka, watoto wana njaa. Nikawaambia, hatuwezi kuomba kwa watu na mjomba yupo. Mpwa hagongi mlango wa ghala la mjomba. Hiyo ndiyo desturi, au nimekosea?"

Wazee wakatazamana, wakasema hajakosea. Hata huku kwetu mnajua. Mpwa akitwaa kitu cha mjomba haitwi mwizi, na mjomba akinuna ndiye anayechekwa.

Mke wa Fisi alisimama bila kuambiwa, akafungua ghala.

Fisi-maji akaingia, akatoka na paja. "Ahsante, mjomba." Mwanawe wa kwanza akaingia, akatoka na mbavu. "Ahsante, mjomba." Wa pili akaingia, akatoka na mguu wa kongoni mkubwa kuliko yeye, akauburuta, kwaruu, kwaruu. "Ahsante, mjomba." Hata yule mdogo mwenye shingo akaingia, akatoka na ulimi uliokaushwa, ameuvaa begani kama shuka. Alikuwa ameshaanza kuutafuna, kwa hiyo ahsante yake haikueleweka.

Fisi alicheka kila walipopita. Alicheka kwa meno tu, na macho yalikuwa yanahesabu nyama. Simba akampiga bega. "Huyu ndiye mjomba," akasema. "Watendee hivyohivyo siku zote. Nitakuwa nauliza."

Basi ikawa kila alasiri, saa ambayo zamani Fisi alikwenda kujaza kapu, hodi inasikika mlangoni. Chapa, chapa, chapa. "Shikamoo, mjomba." Majirani wanachungulia, Kanga anaitikia karibu hata kabla ya mwenyewe. Ghala linafunguliwa. "Ahsante, mjomba." Na samaki hakuna tena, maana Fisi-maji akiulizwa husema, "Mjomba, aliyeshiba nyama atavulia nini?" Boriti za ghala zikaanza kunyooka. Tumbo la Fisi likaacha kugonga magoti.

Siku moja Fisi akamfuata Fisi-maji kwenye mikuyu, peke yake, bila ufito.

"Mama," akasema, hakusema mpwa. "Tuuvunje undugu."

"Kwa nini, mjomba?"

"Unajua kwa nini."

Fisi-maji alikuwa akimkausha mtoto manyoya. Hakuinua macho. "Undugu uliutangaza mbele ya watu. Hauvunjwi hapa kichakani tukiwa wawili. Nenda ukauvunje kulekule."

"Nikisema si ndugu, wataniuliza samaki walitoka wapi."

"Wataniuliza hata mimi."

"Nitaona haya."

"Mimi niliona haya kila siku uliponikalia mlangoni," akasema Fisi-maji. "Niliona haya mbele ya watoto wangu. Wao ndio waliokuwa wananiuliza, mama, mbona unampa?"

Maji yalikuwa machache, yanapita katikati ya mawe bila sauti. Fisi akaondoka.

Alilala juu ya neno hilo, na asubuhi akaenda kivukoni saa ambayo watu wanavuka kwenda mashambani. Ngiri akadhani amekuja kudai jiwe lake, akalishika vizuri. Fisi hakupanda. Alisimama chini kwenye tope, akavua kofia.

"Jamani," akasema, "mimi sijapata kuvua samaki hata mmoja. Wote mliokula kwangu ni wa mama huyu, Fisi-maji, aliye ng'ambo. Nilimnyang'anya, watoto wake wakalala njaa. Yeye si mpwa wangu. Sijui kuvua. Maji nayaogopa tangu utoto."

Akangoja wamzomee. Alikuwa amejiandaa kwa kuzomewa. Lakini hakuna aliyezomea. Ngedere alitazama ndizi zake. Nungunungu akakohoa.

"Mzee," akasema Kanga kwa upole, "tulijua."

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mtu gani anavua samaki na kofia yake haina hata tone?"

"Basi mbona hamkusema?"

Kanga akachakura tope. Akajibu Nungunungu. "Miaka yote tumekuona unakula vya watu. Hatukuona kama kuna kipya. Halafu samaki walikuwa watamu."

Hilo lilimchoma Fisi kuliko zomeo. Alikuwa amekuja kuwapa siri, kumbe hakuwa na siri, alikuwa na majirani wenye adabu. Nao sasa waliona haya kwa ajili yake na kwa ajili ya ile miiba waliyokuwa wakiitema kimya. Wakavuka mmojammoja, wameinamisha macho. Fisi-maji alikuwa ng'ambo na wanawe. Alipomsikia akikiri alikuwa tayari kucheka. Alipoona namna Fisi alivyosimama pale na kofia kifuani, akawageuza watoto, akawaambia twendeni.

Ghala halikufunguliwa tena tangu alasiri ile. Mvua zikaja, mto ukajaa, samaki wakarudi kwa wenyewe.

Na Fisi? Nyumbani hakukalika. Alirudi mtoni, sasa kwenye kina kifupi karibu na nyumba, mahali ambapo kila mtu anamwona. Akatupa ndoana, chubwi, akatoa jani. Waliopita walimwamkia, aliitikia bila kuinua uso. Siku nyingi alirudi kwa njia kuu, kapu tupu, halikufunikwa kwa kitu.

Mpaka alasiri moja mshipi ukatikisika. Akauvuta kwa pupa nusura adondoke, na kwenye ndoana kulikuwa na dagaa. Kidagaa tu, urefu wa kidole, kinameta. Fisi alikikamata kwa mikono miwili. Akatazama kushoto na kulia amwone wa kumwonyesha. Hapakuwa na mtu.

Akakimbia njia kuu. "Nimevua," akamwambia Nungunungu. Nungunungu akasema, "Vizuri, mzee," akaendelea na safari yake. "Nimevua mwenyewe," akamwambia Kanga. Kanga akatabasamu tabasamu la adabu, akauliza, "Fisi-maji na wanawe hawajambo?"

Fisi akafika nyumbani, akamwekea mkewe kile kidagaa kiganjani. Haya zilikuwa zimemjaa hadi puani. Safari hii alikuwa mkweli, na haya zilikuwa zilezile.

Mkewe akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza upande huu na upande ule.

"Hiki ni chako," akasema.

"Umejuaje?"

"Samaki wa uongo huwa mkubwa."

Akakikaanga, wakakigawana.

Hapo ndipo ngano ilipofika ikakaa. Anayeitaka aondoke nayo. Asiyeitaka aniachie, kesho nitanywea uji.

Mnataka fundisho? Fundisho ni hili: mtu asistaafu kabla hajapata mpwa anayejua kuogelea. Na akiulizwa kazi yake, akiona hana, aseme anavua samaki.

Nani huyo anasema lakini Fisi aliumbuka? Sikiliza, mwanangu. Fisi aliumbuka kwa sababu alikwenda kusema kweli asubuhi na mapema, watu bado hawajala. Angengoja wakashiba.